Kitufe cha "Idhinisha" Kilivyohamia Kwenye Barua Pepe

Ndani ya SAP, programu ambayo kampuni kubwa duniani hutumia kulipa mishahara, kuagiza bidhaa na kufunga hesabu, kuna kikasha cha barua. Ukiandika herufi nne, SBWP, kinafunguka: maombi ya likizo yanayosubiri, hati za ununuzi zinazohitaji idhini, kazi zilizokwama njiani. Kila kitu kimepangwa vizuri. Shida ni kwamba meneja anayepaswa kukifungua yuko kwingine. Yuko kwenye Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, anamjibu mteja, na hana habari kwamba ndani ya kompyuta ileile kuna foleni ya watu wanaomsubiri.

Kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa simu. Afisa ununuzi anampigia mkuu wa idara: "Samahani mkuu, ile LPO ya jenereta bado iko kwako." Mkuu anaacha alichokuwa akifanya, anakuta nenosiri lake limekwisha muda, anamtafuta kijana wa TEHAMA amfungulie, anaingia, anaulizwa msimbo wa ukurasa anaoutaka (ni ME29N, lakini nani anaukumbuka?), na baada ya robo saa anabonyeza kitufe kimoja. Kazi yenyewe ilihitaji sekunde tano.

Jitihada za kukitoa kitufe hicho kwenye mfumo wa biashara na kukiweka ndani ya barua pepe zimepita mikononi mwa kampuni kubwa kabisa za programu duniani. Baadhi zilikuwa mahasimu, zikalazimika kukaa meza moja. Nyingine zilitengeneza bidhaa nzuri zisizopata wanunuzi wa kutosha. Na pale kitufe kilipofika hatimaye, wezi nao walikuwa wameshafika.

Ili kuelewa kwa nini kitufe kilikuwa mbali, ni vizuri kujua kilitengenezewa nani. SAP ilianzishwa mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM ya Ujerumani, wakiwemo Hasso Plattner na Dietmar Hopp. Mteja wao wa kwanza alikuwa tawi la kampuni ya kemikali ya Uingereza, ICI, lililokuwa na kiwanda Östringen. Waliotumia programu hizo walikuwa wahasibu, watunza stoo na watu wa mishahara, yaani watu wanaokaa nazo mchana kutwa. Mhasibu anayeingiza ankara tangu asubuhi hadi jioni huijua misimbo kwa vidole, na skrini iliyojaa visanduku 40 haimtishi. Kwake hiyo ni meza ya kazi.

Anayeidhinisha ni mtu wa aina nyingine. Huyo hupita kwenye mfumo mara moja moja, akiwa na haraka, akitaka kujua mambo matatu tu: ni nini, ni kiasi gani, na nani ameomba. Mfumo uliojengwa kwa ajili ya mhasibu humfanya mkurugenzi aonekane mshamba. Wakurugenzi hawapendi kuonekana washamba, kwa hiyo wengi walimpa katibu muhtasi nenosiri lao aidhinishe kwa niaba yao. Mkaguzi yeyote wa ndani anaijua tabia hiyo, na huenda ndiyo sababu kubwa kuliko zote iliyowafanya watu wa udhibiti watake mambo yabadilike.

Wakati huohuo barua pepe ilikuwa ikigeuka kitu ambacho haikukusudiwa kuwa. Mwaka 1996 watafiti Steve Whittaker na Candace Sidner walichapisha utafiti kuhusu namna wafanyakazi wa ofisini wanavyotumia vikasha vyao. Walikuta kwamba barua pepe haikuwa tena chombo cha kutumiana ujumbe tu. Ilikuwa orodha ya kazi, kabati la mafaili na daftari la kukumbushana, vyote kwa pamoja. Waliwagawa watumiaji katika mafungu matatu: wanaofaili kila siku, wanaofanya usafi mara moja moja, na wasiofaili kabisa. Msomaji anajua yuko fungu gani. Miaka mitano baadaye Nicolas Ducheneaut na Victoria Bellotti walikwenda mbele zaidi na kuielezea barua pepe kuwa makazi: mahali ambapo mfanyakazi anaishi saa zake za kazi, si mahali anapopita.

Kama watu wanaishi huko, basi kazi iwafuate huko. Hilo ndilo wazo lote.

Aliyeliona mapema alikuwa Ray Ozzie, Mmarekani aliyeongoza kutengeneza Lotus Notes, programu iliyoingia sokoni mwaka 1989. Ndani ya Notes barua pepe haikuwa nyumba ya peke yake. Iliishi pamoja na hifadhidata, fomu na taratibu za idhini, kiasi kwamba mtu wa TEHAMA mwenye ujuzi wa wastani angeweza kutengeneza fomu ya kuomba safari, akaipa njia ya kupita kutoka kwa mwombaji hadi kwa bosi hadi kwa mhasibu, yote bila mtumiaji kutoka kwenye programu anayosomea barua. Kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Price Waterhouse ilinunua nakala 10,000 mara moja. Mwaka 1995 IBM ilitoa dola bilioni 3.5 kuinunua Lotus, na Notes ilikuwa kivutio kikubwa.

Lakini Notes ilifundisha jambo ambalo halikuwapendeza wauzaji. Mwaka 1992 Wanda Orlikowski wa chuo cha MIT aliandika kuhusu kampuni moja ya ushauri iliyoinunua Notes ili wafanyakazi wabadilishane maarifa. Hawakubadilishana. Kupandishwa cheo katika kampuni hiyo kulitegemea mtu kujua asichokijua mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kumwaga siri zake kwenye hifadhidata ya wote. Programu ilifanya kazi. Ofisi ndiyo haikuwa tayari. Somo hilo limerudiwa katika kila mradi wa namna hii tangu wakati ule, na mara nyingi hurudiwa kwa gharama kubwa.

Kisha yakaja mapatano ambayo wengi hawakuyategemea. Juni 2004, kesi ya kuizuia kampuni ya Oracle kuinunua PeopleSoft, kampuni nyingine ya programu za biashara, ikiwa mahakamani Marekani, Microsoft na SAP zilikiri hadharani kwamba mwishoni mwa 2003 zilikuwa zimezungumzia kuungana kuwa kampuni moja. Mazungumzo yalivunjika kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa gumu mno. Ndoa ilishindikana, lakini uchumba ukazaa mradi. Aprili 2005, mjini Copenhagen, kampuni hizo mbili zilitangaza Mendocino, lililokuwa jina la muda tu lililoazimwa kwa mji wa pwani ya kaskazini mwa California. Mwaka uliofuata bidhaa iliingia sokoni kwa jina la Duet, na ilikuwa ya kwanza ambayo kampuni hizo ziliitengeneza, kuiuza na kuihudumia kwa pamoja.

Duet inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ilipata sehemu kubwa ya mambo sawasawa.

Chukua likizo. Mfanyakazi hakuhitaji kuijua SAP hata kidogo. Alifungua kalenda yake ya Outlook, akaweka tarehe kama anavyoweka miadi yoyote, akaonyesha kwamba hiyo ni likizo. Pembeni mwa dirisha paliibuka safu yenye siku zake zilizobaki, zikiwa zimevutwa moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu za rasilimaliwatu. Akibonyeza kutuma, ombi lilimfikia meneja kama barua pepe, lakini barua iliyokuja na uso wake: jina, tarehe, salio, na ratiba ya wengine katika timu ili meneja aone kama wiki hiyohiyo watu wawili wengine hawapo. Meneja aliidhinisha hapohapo. SAP iliandika kwenye daftari lake, na kalenda ya mwombaji ikasahihishwa. Kama meneja alikuwa kwenye ndege bila mtandao, uamuzi wake ulikaa kwenye kompyuta mpakato ukisubiri, ukaondoka wenyewe alipotua.

Toleo la kwanza lilikuwa na kazi nne za namna hiyo: likizo, kuhesabu saa za kazi, kufuatilia bajeti, na taarifa za wafanyakazi na muundo wa idara. Ya saa za kazi ilikuwa na ujanja wake. Mshauri ambaye kalenda yake inaonyesha kikao cha saa mbili na mteja aliweza kukigeuza kikao kilekile kuwa saa mbili za kulipisha, badala ya kukaa Ijumaa jioni akijaribu kukumbuka Jumanne alikuwa wapi.

Ukisoma hayo unajiuliza kwa nini Duet haikuenea kila ofisi. Majibu yako chini ya sakafu. Ilitaka toleo jipya la SAP wakati kampuni nyingi zilikuwa bado zimekaa kwenye toleo la zamani, R/3, na kubadili toleo la SAP si kazi ya wikiendi. Ni mradi wa miezi, wenye washauri wanaolipwa kwa siku. Ilitaka seva yake, yenye upande unaoelewana na teknolojia ya SAP na upande unaoelewana na ya Microsoft. Ilitaka programu ipakiwe kwenye kila kompyuta ya kila mtumiaji. Na ilikuwa na leseni yake, juu ya leseni ambazo mteja alikwishalipa kwa SAP na kwa Microsoft. Mkurugenzi wa fedha akiletewa hesabu hiyo aliuliza swali la haki: yote haya ili mtu aombe likizo?

Palikuwa na ugumu mwingine, wa ndani zaidi. Kalenda ya Outlook ni mali ya mtu binafsi. Anaihamisha miadi, anaifuta, anaivuta kwa kidole kutoka Jumatatu hadi Jumatano. Daftari la SAP ni mali ya kampuni, na kinachoandikwa humo hakifutwi ovyo, kwa sababu mkaguzi atakuja. Unapounganisha viwili hivyo unapaswa kujibu maswali ya kuchosha. Mfanyakazi akiifuta miadi ya likizo iliyokwisha idhinishwa, je, ameifuta likizo? Akiisogeza kwa siku moja, idhini inasogea nayo? Taarifa zilizonakiliwa sehemu mbili hatimaye hutofautiana, na siku zinapotofautiana lazima ijulikane ipi ni ya kweli. Wahandisi wa mifumo hii hutumia muda mwingi zaidi kwenye jambo hilo kuliko kwenye kitufe chenyewe.

IBM nayo haikukaa kimya. Mwaka 2009 ilitoa Alloy, bidhaa iliyoitengeneza pamoja na SAP ileile kwa ajili ya watu wa Notes. Microsoft na SAP zikarudi mwaka 2011 na Duet Enterprise, safari hii zikiegemea SharePoint, jukwaa la Microsoft la kushirikiana nyaraka. Zote zilikuwa kazi za heshima. Hakuna iliyogeuka kitu cha kila siku kwa mfanyakazi wa kawaida.

Kilichoshinda kilikuwa kidogo zaidi. Mwaka 2013 Google ilianza kuruhusu barua zinazoingia Gmail ziwe na kitufe cha kitendo pembeni mwa mada, kinachobonyezwa bila hata kuifungua barua. Mfano uliowekwa kwenye maelekezo ya watengeneza programu ulikuwa wa kiofisi mno: ombi la kuidhinishiwa dola 10.13 za vifaa vya ofisini. Hapakuwa na seva ya pande mbili wala programu ya kupakia. Barua inabeba maelezo machache yaliyofichwa, Gmail inayasoma, inachora kitufe, na kikibonyezwa inatuma habari kwa mfumo uliouliza. Masharti yalikuwa makali: mtumaji ajisajili kwanza, barua iwe na saini ya kidijitali inayothibitisha ilikotoka, na kitufe kibonyezeke mara moja tu.

Mwaka 2017 Microsoft iliileta njia hiyo Outlook kwa kadi ndogo zinazojitokeza ndani ya barua, zenye nafasi ya kuandika sababu ya kukataa. Mwaka huohuo Gmail ilipata programu-jalizi zinazofanya kazi kwenye kompyuta na kwenye simu. Ukilinganisha na Duet, hizi ni kazi nyepesi sana. Hazijaribu kuihamisha SAP, Oracle au Salesforce ndani ya kikasha. Zinafanya kazi ya karani wa masjala aliyekuwa akipita ofisi kwa ofisi na faili mkononi: analeta swali, anasubiri saini, anaondoka na jibu, na faili linarudi kwenye kabati lake. Daftari la kweli linabaki moja. Hapo ndipo njia hii ilipoipita Duet, na ni vigumu kuona njia nyingine ingefanikiwa vipi.

Urahisi huo, hata hivyo, ulimkaribisha mgeni ambaye Duet haikumfikiria sana.

Kati ya 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizichukulia Google na Facebook zaidi ya dola milioni 120. Hakuvunja mfumo wowote. Alisajili kampuni nchini Latvia kwa jina lilelile la Quanta, mtengenezaji wa vifaa wa Taiwan ambaye kampuni hizo mbili zilikuwa zikifanya naye biashara ya kweli. Kisha barua pepe zilizofanana na za Quanta zikatumwa, zikiwa na ankara na mikataba ya kughushi, na wahusika wakalipa kwenye akaunti zake. Alikamatwa mwaka 2017, na Desemba 2019 mahakama ya New York ikamhukumu kifungo cha miaka mitano. Fikiria vizuri: waliotapeliwa ni kampuni zenye wahandisi wa usalama wa mtandao wa daraja la juu kabisa. Kilichopita katikati yao ni barua iliyoonekana ya kawaida, mbele ya mtu aliyezoea kuidhinisha.

Wizi wa namna hiyo, wa kujifanya mtu wa kampuni kwa barua pepe, uliripotiwa kwa FBI mara 21,489 katika mwaka 2023 pekee, na hasara ilizidi dola bilioni 2.9. Ndiyo maana kitufe ndani ya barua ni kitu cha kukiangalia kwa macho mawili. Kwa upande mmoja kinaongeza usalama: ankara ya kughushi haiwezi kuota kitufe halali cha SAP, kwa kuwa hakuna hati ya ununuzi inayolingana nayo kwenye mfumo, na mashine huona hilo kabla ya mtu. Kwa upande mwingine kinamzoesha meneja kubonyeza "Idhinisha" bila kusoma, na mwizi atamletea kitufe cha kuchorwa kinachofanana na kile cha jana.

Ofisi zenye busara hugawa kazi kwa uzito wake. Likizo, safari ya siku moja, kalamu na karatasi: idhini itoke kwenye barua, hata kwenye simu mkononi. Kubadili akaunti ya benki ya mgavi, kulipa mgavi mpya, au kiasi kinachovuka kiwango fulani: barua ilete taarifa tu, na aliyepewa mamlaka aingie mwenyewe kwenye mfumo, kwa nenosiri lake na msimbo unaotumwa kwenye simu yake. Zile dakika za usumbufu ambazo watengeneza programu walikuwa wakizipiga vita zina kazi yake pale fedha nyingi zinapohusika.

Afrika Mashariki imeingia katika mambo haya kwa mlango wa pembeni. Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi makazi ya kazi si Outlook, ni WhatsApp. Bosi aliyeko safarini hutumiwa picha ya hati, hujibu kwa kidole gumba, na malipo huandaliwa. Kwa kasi, hakuna Duet inayoweza kushindana na njia hiyo. Lakini picha hiyo haiko kwenye daftari lolote, na bosi akibadilisha simu ushahidi unaondoka naye. Tanzania ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, inayozipa nguvu ya kisheria kumbukumbu na saini za kielektroniki, kwa hiyo kikwazo si sheria. Kinachokosekana ni uzi unaolifunga jibu la bosi kwenye hati aliyoijibu, tarehe na kiasi chake. Mkaguzi akiuliza miezi minane baadaye, kidole gumba hakimwambii kilikuwa kinaijibu picha ipi.

Huko ulikoanzia, mchezo umebadilika tena. Outlook mpya ya Windows, iliyokamilishwa kwa wateja wa kibiashara Agosti 2024, haikubali programu-jalizi za mtindo wa zamani, zile zilizopakiwa ndani ya kompyuta yenyewe. Kampuni zilizokuwa zimeunganisha mifumo yao ya biashara na Outlook kwa njia hiyo inabidi zijenge upya kwa teknolojia ya wavuti, au ziendelee kuing'ang'ania Outlook ya zamani hadi itakapoondolewa. Baadhi ya viunganishi hivyo viliandikwa na watu waliokwishastaafu.

Na katikati ya 2024 SAP na Microsoft, wale wachumba wa 2003, walitangaza kuunganisha wasaidizi wao wa akili bandia, Joule na Copilot, ili mfanyakazi aulize kwa maneno ya kawaida na apate jibu kutoka pande zote mbili akiwa ndani ya Teams au Outlook. Meneja ataweza kuuliza nini kinamsubiri, asomewe muhtasari, aamue. Wanasheria na wakaguzi wana swali moja ambalo kila mkataba wa mifumo hiyo utabidi ulijibu kwa maandishi: msaidizi akisoma hati vibaya na meneja akaidhinisha alichosomewa, jina la nani litaandikwa kwenye daftari.